Wi-Fi imejaa lakini tovuti hazifunguki: je, ninunue ruta ya tatu?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mhasibu ninayefanya kazi nyumbani, hapa Chumbageni, Tanga, nikiwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu. Kazi yangu haina subira. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi wa wateja wangu hutakiwa iwe imeshawasilishwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi, ritani za VAT tarehe 20, na siku hizi zote hupelekwa kwa mtandao, kwa hiyo intaneti ikigoma usiku wa kuamkia tarehe hizo anayelaumiwa na mteja ni mimi.

Tulifungiwa intaneti ya faiba, na ruta yake ikawekwa sebuleni. Mwanzoni haikuwa na kasoro, ila mawimbi yalifika kwa shida katika chumba cha nyuma ninachokitumia kama ofisi, kwa kuwa nyumba yetu ni ya zamani na kuta zake ni nene. Fundi mmoja wa mtaani akaja na ruta nyingine ya mtumba, akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni hadi ofisini, akaichomeka, akaipa jina lilelile la mtandao na nenosiri lilelile, na mawimbi yakajaa. Matatizo yetu yameanza baada ya hapo.

Jioni, watoto wakisharudi na kila mtu akiwa ameshika simu yake, tovuti hukataa kufunguka kwenye kompyuta yangu na kwenye simu za watoto. Kivinjari huandika ERR_NAME_NOT_RESOLVED, lakini ujumbe wa WhatsApp huendelea kuingia kama kawaida. Tukiizima ruta ya sebuleni na kuiwasha tena, mambo hutengemaa kwa saa chache. Linalotushangaza ni kwamba simu ya mume wangu haiguswi na hali hiyo. Sisi tukiwa tumekwama, yeye anaendelea kusoma magazeti. Simu hiyohiyo, akisafiri kikazi na kulala hotelini, hukataa katakata kutumia Wi-Fi ya hoteli ingawa wageni wengine wanaitumia.

Umeme ukikatika na kurudi, mambo huwa mengine. Kompyuta huonyesha kwamba Wi-Fi imejaa, lakini hakuna intaneti kabisa, WhatsApp haipiti, na siku hizo hata simu ya mume wangu hukwama. Nikizima Wi-Fi ya kompyuta na kuiwasha mara kadhaa, wakati mwingine hupona yenyewe.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikuja likizo, akaweka namba 8.8.8.8 katika mipangilio ya DNS ya kompyuta yangu. Usumbufu wa jioni ukaisha kabisa kwenye kompyuta, nikamshukuru, lakini umeme ulipokatika wiki iliyofuata kompyuta ikakwama vilevile, nikaona kwamba zile namba hazina maana. Tena alinieleza jambo ambalo sikulielewa: alipoandika 192.168.1.1 ili aingie katika ruta, siku moja alipata ukurasa wa rangi ya buluu na siku nyingine ukurasa wa kijani, na nenosiri lililokubaliwa jana lilikataliwa leo.

Fundi anasema DNS imeharibika na dawa yake ni kununua ruta kubwa yenye antena sita. Jirani ananishauri nihame mtoa huduma. Mtoa huduma mwenyewe, nikimpigia, hunijibu kwamba laini yangu iko sawa. Nifuate ushauri wa nani?

Mhasibu wa Chumbageni, Tanga


Dada yangu Mhasibu,

Usinunue ruta ya tatu, na usihame mtoa huduma kabla hujafanya nitakayokueleza hapa. Barua yako imebeba karibu ushahidi wote unaohitajika, ila umechanganyika kwa sababu nyumbani kwako kuna hitilafu mbili tofauti zinazojitokeza kwenye kioo kimoja, na kila tiba uliyopewa iligusa moja ikaiacha nyingine. Ndiyo maana namba za mpwa wako zilionekana kufaa na kutofaa kwa wakati mmoja. Kijana huyo hakukosea. Alitibu ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Nianze na ule wa umeme, kwa kuwa ndio unaowazima wote na ndio ulio rahisi kuuondoa. Kurasa mbili za rangi tofauti kwenye anwani moja ya 192.168.1.1 zina maana moja tu: ruta zote mbili zinatumia anwani hiyohiyo ndani ya mtandao mmoja. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani hiyo, na fundi alipoiunganisha ya mtumba na ile ya sebuleni hakuibadilisha. Alibadilisha jina na nenosiri la Wi-Fi, ambavyo ndivyo mteja anavyoviona, akaacha vile visivyoonekana. Kompyuta yako inapotaka kutoka kwenda nje huuliza ndani ya nyumba, «Nani mwenye 192.168.1.1?», na ruta zote mbili huitika. Ikimsikiliza wa sebuleni, intaneti ipo. Ikimsikiliza wa ofisini, inaupeleka mzigo wake kwa ruta isiyokuwa na njia yoyote ya kutokea nje, na mzigo unaishia hapo.

Zaidi ya hayo, kila ruta ina kazi ya kuvigawia vifaa anwani zao, kazi inayoitwa DHCP, na kwako kazi hiyo inafanywa na ruta mbili zisizojuana. Ni sawa na mawakala wawili wa stendi wanaouza tiketi za basi moja, kila mmoja akiwa na daftari lake: siku abiria wakiwa wachache hakuna anayegundua, siku basi likijaa watu wawili hujikuta na kiti kimoja. Ukiwahi kuona kompyuta ikilalamika kwamba anwani yake inatumiwa na kifaa kingine, chanzo chake ni hicho.

Sasa utaona kwa nini umeme ndio unaoamsha balaa. Umeme unaporudi, ruta ya mtumba huwa tayari mapema, wakati ile ya faiba bado inajitambulisha kwa mtoa huduma, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa. Katika dakika hizo vifaa vyote vya nyumbani vinauliza anwani na njia, na anayejibu ni mmoja tu, yule asiyekuwa na njia. Ruta ya sebuleni ikija kuamka, vifaa vimeshajifungia kwa mwenzake. Ndiyo maana hata simu ya mume wako hukwama siku hizo. Ndiyo maana pia kuzima na kuwasha Wi-Fi ya kompyuta mara kadhaa hukuponya kwa bahati, kwa kuwa kila mara unairudisha kompyuta iulize upya, na siku nyingine husikia jibu lililo sahihi.

Usinikubalie kwa maneno matupu, kwa kuwa kipimo chake ni chepesi. Kwenye kompyuta yako bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter; litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Intaneti ikiwa nzima, andika arp -a na utafute mstari unaoanza na 192.168.1.1. Mbele yake utaona jozi sita za herufi na tarakimu, ambazo ni utambulisho wa kifaa chenyewe na hazibadiliki kama anwani zinavyobadilika. Ziandike kwenye karatasi. Siku intaneti itakapokufa baada ya umeme kurudi, rudia amri hiyohiyo. Jozi zikiwa zimebadilika ilhali anwani mbele yake ni ileile ya 192.168.1.1, umemkamata mhalifu, na ukiigeuza ruta ya ofisini na kusoma karatasi iliyobandikwa chini yake utakuta jozi hizo au zinazofanana nazo sana, pengine zikitofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu. Ninakupa amri hii badala ya ipconfig /all ambayo mafundi huipenda, kwa sababu nyumbani kwako ipconfig itakuonyesha 192.168.1.1 siku nzuri na siku mbaya, na haitakusaidia kuzitofautisha.

Kuirekebisha ni kazi ya robo saa, ila mpangilio wa hatua ni muhimu. Chomoa ule waya unaotoka sebuleni, ili ruta ya ofisini ibaki peke yake. Zima Wi-Fi ya kompyuta na uiunganishe kwa ruta hiyo kwa waya mfupi. Fungua 192.168.1.1, ingia, na katika mipangilio ya mtandao wa ndani ibadilishe anwani ya ruta iwe 192.168.1.2. Ruta itajizima na kujiwasha. Fungua sasa 192.168.1.2, tafuta DHCP, na uizime. Usianze kwa kuizima DHCP, kwa sababu ruta ikijiwasha upya kompyuta itabaki bila anwani na utajikuta umefungiwa nje ya ruta yako mwenyewe. Baada ya hapo rudisha waya wa sebuleni katika tundu la kawaida, kati ya yale manne yanayofanana, wala si lile la peke yake ambalo mara nyingi huwa na rangi tofauti na maandishi ya WAN. Baadhi ya ruta zina chaguo moja linalofanya hayo yote kwa mkupuo, la kuigeuza ruta kuwa kituo cha kusambaza mawimbi tu. Ukilikuta, lichague na usihangaike na mengine.

Kabla ya kuondoka, ingia pia katika ruta ya sebuleni utazame ni anwani zipi inazozigawa. Nyingi huanza kugawa kutoka 192.168.1.2, ambayo sasa ni ya ruta yako ya ofisini, na ukiliacha hivyo utakuwa umehamisha ugomvi badala ya kuumaliza. Iambie igawe kuanzia 192.168.1.20 hadi 192.168.1.200, nyumba yako haitazimaliza.

Nenosiri likikataliwa, ruta ya mtumba ina kitundu kidogo nyuma kinachobonyezwa kwa pini kwa sekunde kama kumi ili kuirudisha katika hali ya kiwandani, na utaanza upya. Usimfanyie hivyo yule wa sebuleni. Ruta za faiba hubeba mipangilio ya mtoa huduma, na ukiifuta huenda ukalazimika kumsubiri fundi wao.

Tuje sasa kwenye usumbufu wa jioni, ambao ndio kweli wa DNS. Vifaa vya intaneti hufikiana kwa namba, lakini sisi huandika majina kama www.tra.go.tz, kwa hiyo kila unapofungua tovuti kompyuta huuliza kwanza namba ya jina hilo. Zamani majina yote ya mtandao yalikuwa katika faili moja lililotunzwa California na kunakiliwa na kila aliyelihitaji, mpaka mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni mfumo huu wa DNS ambamo hakuna mmoja anayeyashika majina yote, bali kila eneo hujibu kwa majina yake. Nyumbani, kompyuta yako haiendi mbali kuuliza. Humwuliza ruta, naye ruta humwuliza mtoa huduma, na mtoa huduma ndiye anayetafuta jibu huko linakopatikana. Mtu yeyote katika mlolongo huo akichoka, majina hayapatikani ingawa barabara yenyewe ni nzima, na hiyo ndiyo maana ya lile ERR_NAME_NOT_RESOLVED.

Kwamba barabara ni nzima umeshalithibitisha wewe mwenyewe mara mbili bila kujua. WhatsApp inaendelea kuingia kwa sababu muunganisho wake ulifunguliwa mapema na unadumu. Haiulizi jina kwa kila ujumbe. Simu ya mume wako haiguswi kwa sababu, nina karibu hakika, kuna mtu aliiwekea kile kinachoitwa DNS ya Faragha, kipengele kilichoingia katika simu za Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018. Kwa mpangilio huo simu huyapeleka maswali yake ya majina moja kwa moja kwa seva iliyochaguliwa, yaani kompyuta ya mbali inayojibu maswali hayo, kwa njia iliyofungwa kwa siri, ikimruka ruta na mtoa huduma wote wawili. Ukitaka ushahidi wa tatu, ni namba za mpwa wako: kompyuta iliacha kumwuliza ruta, ikaanza kumwuliza 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo wazi kwa umma tangu Desemba 2009, na jioni zake zikatulia. Vifaa vyote vinavyomruka ruta ni vizima. Vinavyomtegemea vinakwama, na akiwashwa upya hupona kwa saa chache. Kwa hiyo ninayemshuku kwanza ni kile kijisehemu cha ruta ya sebuleni kinachopokea maswali ya majina, ambacho katika ruta za bei ya chini huzidiwa vifaa vinapokuwa vingi.

Ninasema ninamshuku, kwa kuwa mtoa huduma naye anaweza kuwa ndiye anayechelewa jioni, na hapa pia kuna kipimo. Jioni moja simu za watoto zikiwa zimekwama, fungua lile dirisha jeusi uandike nslookup www.tra.go.tz 192.168.1.1 na usubiri. Kisha andika nslookup www.tra.go.tz 1.1.1.1 na usubiri tena. La kwanza likisitasita sekunde kadhaa na kukata tamaa, na la pili likileta namba papo hapo, barabara imejitenga na majina mbele ya macho yako. Ukitaka kumtofautisha ruta na mtoa huduma, ingia katika ukurasa wa hali ya ruta, usome anwani za DNS ambazo mtoa huduma ameipa, na urudie amri hiyo kwa moja ya anwani hizo. Ikijibu vizuri, mwenye kasoro ni ruta. Isipojibu, unayo sasa sentensi ya kumwambia mtoa huduma ambayo hawezi kuijibu kwa kusema laini iko sawa, kwa kuwa laini na seva ya majina ni vitu viwili.

Tiba ni moja kwa hali zote mbili, na inafanyika mara moja kwa nyumba nzima. Katika ruta ya sebuleni, palepale unapopanga anwani za kugawa, kuna nafasi ya kuandika DNS watakayopewa wanaojiunga. Ikiwa wazi, ruta hujitaja yenyewe. Andika hapo jozi moja ya seva za umma: 1.1.1.1 na 1.0.0.1 za Cloudflare, zilizozinduliwa tarehe 1 Aprili 2018, au 9.9.9.9 na 149.112.112.112 za Quad9, ambazo hukataa kutoa namba za tovuti zinazojulikana kwa ulaghai, au hizo za Google ambazo mwenzi wa 8.8.8.8 ni 8.8.4.4. Kwa mtu anayeshika hesabu za watu ningechagua Quad9. Usichanganye ya kampuni hii na ya ile kwa kudhani ya pili ni akiba tu. Mifumo mingine ya kompyuta huziuliza zote bila mpangilio, na utapata majibu yanayotofautiana siku hadi siku bila kujua sababu. Ukishamaliza, ondoa 8.8.8.8 iliyo kwenye kompyuta na uirudishe katika hali ya kupewa kila kitu na ruta, ili siku ukitaka kubadilisha uwe na mahali pamoja tu pa kugusa.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtoa huduma akiwa anatoa na anwani za IPv6, zile ndefu zenye nukta mbilimbili na herufi, ruta yaweza kuendelea kujitaja kama DNS kwa upande huo hata baada ya kuandika namba mpya upande wa zamani, na vifaa vikaendelea kumwuliza. Ukiona baada ya marekebisho jioni bado ni zilezile, tazama ukurasa wa IPv6 wa ruta na ufanye vivyo hivyo. Na baadhi ya watoa huduma huyafungia mabadiliko ya namna hii kwenye ruta zao. Hapo hutakuwa na budi ila kuiweka DNS kwenye kila kifaa, kama mpwa wako alivyoanza.

Fundi akija na kuandika ipconfig /flushdns kwa mbwembwe, mwache, haina madhara. Lakini amri hiyo hufuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta tu. Kwa ruta iliyochoka haisaidii chochote, na sijui kwa nini imekuwa ndiyo sala ya kwanza ya kila anayejiita mtaalamu.

Kwa kuwa umeshauriwa kumhama mtoa huduma, nikueleze na jinsi kosa la nje linavyoonekana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikazorota kwa siku kadhaa. Hapo hakuna ruta wala DNS ya kubadilisha ambayo ingekuokoa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa 6, kwa sababu kampuni yenyewe ilikosea kwenye mipangilio ya mtandao wake na njia za kuzifikia seva zake za majina zikaondoka. Waliobadilisha DNS siku ile walijichosha bure. Kosa la aina hiyo humgusa jirani yako kama linavyokugusa wewe, na halitulii kwa kuzima ruta. Kwako linatulia. Kuhusu faiba yenyewe, tazama taa iliyoandikwa LOS kwenye ruta ya sebuleni: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki na ni kazi ya mtoa huduma, ikiwa imezimika, tafuta kosa ndani ya nyumba.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini limenitia wasiwasi zaidi ya yote, ni nenosiri la kuingilia ndani ya ruta, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Kama fundi aliliacha lilivyotoka kiwandani, yeyote aliyepewa Wi-Fi yako anaweza kuingia na kuandika DNS anayoitaka yeye, na kuanzia hapo jina la benki yako litakuletea namba ya mwizi. Hayo yameshatokea kwa ukubwa. Mwezi Novemba 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kulivunja genge lililokuwa likisambaza DNSChanger, programu hasidi iliyobadilisha DNS katika kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zipatazo 100, na seva za muda zilizowekwa kuwahudumia walioathirika zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, siku ambayo baadhi waligundua kwamba walikuwa wameambukizwa kwa kuona tovuti hazifunguki. Badilisha manenosiri ya ruta zote mbili leo, uyaandike katika daftari linalokaa kabatini, na usimpe fundi bila kuyabadilisha tena akiondoka.

Mawimbi hayahitaji maneno mengi. Ruta ya mtumba inatosha kwa chumba kimoja. Kwenye bendi ya gigahezi 2.4, inayopenya kuta nene vizuri kuliko ile ya 5, weka ruta moja kwenye chaneli ya 1 na nyingine kwenye ya 11 ili zisipigiane kelele. Antena sita zisingeponya lolote kati ya uliyoyaeleza. Kama una fedha iliyotengwa kwa ruta hiyo, nunua kile kibetri kidogo cha kuhimili umeme kinachouzwa kwa ajili ya ruta, ukihakikisha kwamba volti zake, aghalabu 12, zinalingana na zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta ya faiba. Huduma ikiwa haijakatika upande wa mtoa huduma, utamaliza ritani yako gizani.

Imebaki simu ya baba watoto. Wi-Fi ya hoteli kwa kawaida humpeleka mgeni kwanza kwenye ukurasa wa kuandika namba ya chumba au msimbo aliopewa mapokezi, na hufanya hivyo kwa kuyajibu yenyewe maswali yake ya majina. Simu yenye DNS ya Faragha iliyofungwa kwa seva moja haiyakubali majibu hayo, kwa hiyo ukurasa haufunguki na simu hudai hakuna intaneti. Mwambie, akifika hotelini, aingie kwenye mipangilio ya mtandao, aiweke DNS ya Faragha katika hali ya kujiendesha, ajiandikishe, na akirudi Tanga aiweke ilivyokuwa ikiwa ataihitaji tena. Ruta ya sebuleni ikishatengenezwa, hatakuwa na sababu kubwa ya kufanya hivyo.